Kwenda Kazini kwa Baiskeli Dar es Salaam: Jinsi ya Kukabiliana na Waendeshaji Wasiojali na Misukosuko ya Njiani

Mtu anayetoka Kimara, Tabata au Mbagala kwenda kazini katikati ya jiji kwa baiskeli hujifunza mapema kuziogopa daladala na malori, na hofu hiyo ina msingi. Jambo lisilozungumzwa vya kutosha ni kwamba sehemu kubwa ya misukosuko ya kila siku, ile inayochubua viwiko, kupinda rimu, kumwaga mizigo na kuwachelewesha watu kazini, tunasababishiana sisi wenyewe tunaoendesha baiskeli, na wakati mwingine tunawasababishia waenda kwa miguu ambao hawana hata kengele ya kujitetea. Tunalalamika, tena kwa haki, kwamba wenye magari hawatuhesabu kuwa watumiaji halali wa barabara. Lakini mama anayevuka na kapu lake la mboga akilazimika kuruka pembeni kwa sababu yetu, malalamiko hayo yanapungua uzito.

Mwongozo huu unamhusu mwendeshaji huyo wa kila siku, anayebeba chakula cha mchana kwenye keria na kufika kibaruani kwa wakati. Kanuni ninayoisimamia ni moja: kila unachotaka kufanya barabarani kionekane kabla hujakifanya, na kila aliye mnyonge kuliko wewe apishwe kwanza. Mengi ya yanayofuata yanatokana na kanuni hiyo. Yaliyobaki ni ufundi mdogo wa kuitunza baiskeli ili isikuangushe.

Kabla ya kutoka nyumbani

Anza na breki. Inua gurudumu la mbele, lizungushe kwa mkono, kisha bana breki. Fanya vivyo hivyo kwa gurudumu la nyuma. Gurudumu lisiposimama papo hapo, au mkono wa breki ukigusa usukani kabla raba hazijabana rimu, baiskeli hiyo isiingie barabarani hadi irekebishwe. Ukiwa umeazima baiskeli ya mtu, hakikisha pia umejua mkono upi unafunga breki ya mbele. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha kwa nguvu zaidi, kwa sababu uzito wa mwili husogea mbele pale mwendo unapopungua. Hata hivyo watu wengi huiogopa kwa kudhani itawarusha juu ya usukani, na hatimaye hutegemea ya nyuma peke yake, ambayo hufunga gurudumu na kuburuza tairi. Tumia zote mbili kwa pamoja, ukiongeza nguvu taratibu, huku ukijisogeza nyuma kidogo kwenye siti.

Upepo wa matairi unastahili kuangaliwa angalau mara moja kwa wiki. Kiwango chake kimeandikwa ubavuni mwa tairi, mara nyingi kwa kipimo cha PSI, na haifai kukisia kwa kuminya kwa dole gumba peke yake. Tairi lenye upepo mdogo hupata pancha ya namna yake: ukipanda ukingo wa lami au kuingia shimoni, tyubu hubanwa kati ya tairi na rimu na kutoboka matundu mawili madogo yaliyo sambamba. Ukikuta matundu mawili ya namna hiyo, huna haja ya kutafuta msumari. Lililokosekana ni upepo.

Mnyororo wa baiskeli isiyo na gia uwe na ulegevu wa takriban sentimita moja hadi moja na nusu unapousukuma juu na chini katikati ya safari yake. Ukiwa mlegevu kuliko hapo utachomoka ukiwa katikati ya makutano, na ukikazwa mno utakula meno na beringi. Hewa ya chumvi ya pwani huleta kutu upesi, kwa hiyo mafuta yanahitajika mara kwa mara, lakini yawe mepesi kama yale ya cherehani, tone moja kwa kila kiungo, kisha ufute kwa kitambaa mafuta yaliyobaki nje. Oili chafu iliyokwishatumika kwenye injini, ambayo wengi huimwaga kwa wingi, hukusanya mchanga na kuusagisha mnyororo.

Nguo nazo zina sehemu yake katika ajali. Khanga, baibui, kanzu na suruali yenye miguu mipana huvutwa na mnyororo au njiti kwa nguvu ya kutosha kumwangusha mtu, hivyo zikunjwe na kufungwa kwa kamba au mpira upande wa mnyororo, na baiskeli ikiwa na kifuniko cha mnyororo kisiondolewe. Shati la kazini ni vyema lisafiri ndani ya begi pamoja na taulo ndogo, kwa maana joto la Dar halimwachi mtu akafika mkavu. La uzito zaidi ni mtoto anayepakiwa kwenye keria kwenda shule: mguu wake huning'inia karibu kabisa na njiti, na ukiingia humo hukatwa na kuvunjika kwa wakati mmoja. Mtoto apakiwe tu pale penye kiti chenye mahali pa kukanyagia na kinga inayofunika njiti.

Kuhusu taa, kumbuka kwamba Dar es Salaam jua huzama kabla ya saa 1 usiku mwaka mzima, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta giza huingia upesi. Mtu anayetoka kazini saa 12 jioni huanza safari akiona vizuri na kuimaliza akiwa haonekani. Taa nyeupe mbele, taa nyekundu nyuma na rifleketa ya bei nafuu begani vinatosha, mradi betri ziwe na chaji.

Katika njia ya baiskeli

Awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka ilipoanza kufanya kazi mwaka 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi yake ya Morocco na Gerezani, ilituachia pia njia za baiskeli kandokando ya Barabara ya Morogoro, na mwaka 2018 jiji likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu. Anayezitumia njia hizo anajua kwamba hayuko peke yake humo. Waenda kwa miguu wamo, wafanyabiashara wadogo wamepanga bidhaa ukingoni, guta zinapita na mizigo, na bodaboda hukatiza humo foleni inapokuwa ndefu.

Mwendesha baiskeli mwenye hasira huiona hali hiyo kuwa uvamizi na kupita kwa kasi ileile huku akipiga kengele mfululizo. Ushauri wangu ni kinyume chake. Palipo na watu, punguza mwendo hadi ule wa mtu anayekimbia polepole, piga kengele mara moja ukiwa umbali wa mita 10 hivi, kisha sema kwa sauti ya kawaida, "Samahani mama, naomba njia," au "Napita kulia kwako, kaka." Kengele peke yake humshtua mtu, naye aliyeshtuka huruka upande wowote, sauti ya binadamu humweleza aende upande gani. Watoto waliotoka shule wakitembea kwa makundi hawabashiriki, na mbwa ndivyo hivyo hivyo, kwa hiyo kwao weka vidole kwenye breki tangu mbali. Mtu asiposikia kabisa, huenda ana ulemavu wa kusikia au amevaa spika za masikioni. Shuka, sukuma baiskeli hatua chache, uendelee.

Kishawishi cha kuhamia katika njia ya mabasi ya mwendokasi pale njia yetu inapojaa ni kikubwa, hasa asubuhi, kwa kuwa lami yake ni nyoofu na tupu. Usikubali. Njia ile imekatazwa kwetu, basi huja kwa kasi likiwa na uhakika kwamba mbele hakuna kitu, na kingo zilizopo pembeni hazikupi nafasi ya kukimbilia.

Waendesha baiskeli wenzetu

Anayeongoza kwa hatari ni yule anayekuja kinyume, akiwa upande wake wa kulia, akikutazama usoni. Kila mmoja wenu akiwa anakwenda kilomita 18 kwa saa, umbali uliopo kati yenu unapungua mita 10 kwa kila sekunde moja, muda ambao hautoshi kwa watu wawili kukubaliana nani apite wapi. Mara nyingi yeye hung'ang'ania ukingo na kukutegemea wewe utoke kuelekea katikati ya barabara. Usitoke. Wewe umeyapa magari mgongo na huoni kinachokuja, ilhali yeye anayaona yote. Kwa hiyo anayestahili kuzunguka ni yeye. Baki kushoto kwako, punguza mwendo mapema ili aone umefanya uamuzi, na ikibidi simama kabisa na uweke mguu chini. Mtu aliyesimama ni rahisi kukwepwa. Kosa linaloleta ajali ni wote wawili kuyumba kushoto na kulia wakibahatisha.

Anayefuata ni yule anayepita karibu mno bila kusema neno, tena wakati mwingine kwa upande wa kushoto, kati yako na mtaro. Huwezi kumzuia, lakini unaweza kupunguza madhara yake kwa kushika mstari ulionyooka, kutoyumba unapokanyaga kwa nguvu kwenye mwinuko, na kutazama nyuma juu ya bega kabla ya kukwepa shimo. Tazamo hilo ni la kujizoeza mahali patupu hadi uweze kugeuza kichwa bila usukani kukifuata. Wewe unapompita mwenzako, pita kulia, mpe nafasi ya mkono mzima ulionyooshwa, mwambie kwamba unapita, na usirudi kushoto hadi umwone yuko nyuma yako kabisa.

Wapo pia wanaokaa nyuma ya gurudumu lako kwa umbali wa mkono ili wapunguziwe upepo, bila kukuomba na bila wewe kujua. Hatari yao iko hivi: gurudumu lao la mbele likifika sambamba na lako la nyuma na mkagusana, anayeanguka ni aliye nyuma, na pengine wa tatu anayemfuata. Ukihisi mtu amekuganda, usifunge breki ghafla kwa nia ya kumfundisha adabu. Acha kukanyaga, sogea kushoto taratibu, mwashirie apite. Nawe unapomfuata mtu, acha nafasi ya baiskeli mbili hivi njia ikiwa kavu, na zaidi kukiwa na maji.

Kwenye taa za kuongozea magari, kwa mfano kwenye makutano ya Fire au Magomeni, kuna tabia ninayoiona kila siku na inanisikitisha. Waendeshaji watano wamesimama kwa mpangilio, anafika wa sita, anapenya hadi mbele yao wote na kusimama juu ya kivuko cha waenda kwa miguu. Taa ikiruhusu, yeye ndiye mzito kuliko wote kuondoka, na wale watano wanalazimika kumpita mmoja mmoja katikati ya magari yaliyoanza kuchanganya. Simama nyuma ya waliokutangulia, na kivuko kiachie wanaovuka. Taa nyekundu yenyewe inatuhusu sawasawa na inavyomhusu dereva. Anayepita taa ikiwa nyekundu kwa sababu hakuna gari linalokuja husahau kwamba kuna mtu mwingine, kwa upande wa pili, ambaye ameruhusiwa kijani na anavuka kwa kuamini.

Kusimama ghafla ni kosa dogo kwa macho lakini huleta migongano mingi. Simu inaita, mtu anafunga breki palepale katikati ya njia. Mwingine amemwona rafiki yake kibandani. Ukitaka kusimama, nyoosha mkono ukiuelekeza chini na kuupunga taratibu, au sema kwa sauti "Nasimama," kisha toka nje ya njia kabisa, baiskeli pamoja na gurudumu lake la nyuma, ndipo uipokee simu. Kuizungumza huku unaendesha kwa mkono mmoja kunakuacha na breki moja, na kuziba masikio yote mawili kwa muziki kunakunyima habari muhimu kuliko zote, yaani sauti ya kinachokuja nyuma. Hata kutema mate au kupenga kamasi kuna utaratibu wake: tazama nyuma kwanza, kwa maana upepo wa mwendo hupeleka vyote usoni mwa anayekufuata.

Kwa wabeba mizigo nina neno la kuwatetea. Mtu aliyetoka upande wa Kisarawe na magunia ya mkaa, au aliyefunga madumu ya maji pande zote mbili, anaonekana kuwa kero kwa kuwa ni mpana, ni mzito na anayumba. Huyo yuko kazini. Hawezi kusimama ghafla, hawezi kukwepa, na akipoteza mwendo kwenye mwinuko hana budi kushuka na kusukuma. Mpe njia nzima, usimkatize mbele, na kwenye mteremko usikae mbele yake kabisa, kwa sababu breki zake zinabeba uzito ambao hazikutengenezewa. Ukimwona ameshuka kusukuma mlimani, mkono mmoja nyuma ya gunia kwa hatua ishirini ni msaada mkubwa kuliko unavyodhani.

Jinsi ya kumkanya mtu nako kunahitaji busara. Wakati wa kusema si pale mnapopishana kwa kasi, maana hatasikia ila ukali wa sauti. Mkikutana kwenye taa au kwa muuza maji, anza kwa salamu inayomstahili, "Shikamoo mzee, taa yako ya nyuma haiwaki," au "Kaka, pale ulipokuja kulia nusura tugongane, naomba ushike kushoto." Wengi hushukuru. Asiyeshukuru mwachie njia. Kumfukuza mtu kwa baiskeli ili kumaliza ubishi ni kutafuta kuanguka. Ukiwa wewe ndiye uliyekosea, inua mkono na kusema "Samahani" papo hapo, kwani ugomvi mwingi wa barabarani hukomea hapo.

Daladala, bodaboda, malori na milango

Daladala inayoelekea kituoni hukukata kutoka kulia na kufungua mlango kushoto, mahali uliko wewe. Usijaribu kupenya kati yake na ukingo, hata nafasi ionekane kubwa, kwa kuwa abiria hushuka wakitazama mbele na konda huruka kabla gari halijasimama. Simama nyuma yake na usubiri. Ukiamua kuipita kwa kulia, tazama nyuma kwanza, onyesha mkono, na kumbuka kwamba inaweza kuondoka bila indiketa ukiwa ubavuni. Magari yaliyoegeshwa yapite kwa umbali wa mita moja kamili, kwa sababu mlango wa dereva hufunguka upande huo.

Malori ya makontena yanayotoka bandarini na kupita Barabara ya Mandela kuelekea Tazara, Buguruni na Ubungo yanahitaji heshima ya pekee. Dereva haoni sehemu iliyo chini ya dirisha lake la kushoto, na lori likikata kona kushoto magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, bali hukatiza ndani na kubana ukingo. Mwendesha baiskeli aliyejipenyeza kushoto kwa lori kwenye makutano hubaki bila mahali pa kwenda. Kaa nyuma, mahali unapoweza kuviona vioo vyake; usipomwona dereva kwenye kioo, naye hakuoni.

Kukata kulia kwenye barabara yenye njia nyingi si lazima kufanywe kama gari. Vuka moja kwa moja na taa, simama upande wa pili, geuza baiskeli, kisha subiri taa ya upande ule ikuruhusu. Unapoteza dakika moja. Kwenye kipilefti chenye msongamano, kushuka na kuvuka kwa miguu kwenye pundamilia ni uamuzi wa mtu mwenye akili, na haumpunguzii mtu chochote. Bodaboda nazo huchomekea kutoka pande zote. Dawa yake ni ileile ya mstari ulionyooka, kwa kuwa wao huhesabu mahali utakapokuwa, na hesabu yao hukosea pale tu unapoyumba.

Msimu wa mvua

Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na tena wakati wa vuli kuelekea mwisho wa mwaka, kila kilichosemwa kuhusu breki kinabadilika. Rimu za chuma kilichong'arishwa, kama zile za baiskeli nyeusi za mtindo wa zamani zenye breki za fito, zikilowa hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kushikwa na raba, na umbali wa kusimama huongezeka mno. Gusa breki kidogo kidogo kabla hujazihitaji, ili raba zifute maji kwenye rimu, kisha ndipo ubane. Rimu za alumini hushika vizuri zaidi, na kama baiskeli yako inakubali kubadilishiwa, fedha hiyo haipotei. Michoro ya rangi ya vivukoni, mifuniko ya chuma na mchanga unaoachwa na maji kwenye kona huteleza. Vipite ukiwa umenyooka, bila kukata kona wala kufunga breki juu yake. Reli nayo, popote inapokatiza barabara, ivukwe kwa pembe mraba ili gurudumu lisidumbukie kwenye mfereji wake.

Bonde la Jangwani hufurika, na barabara pale hufungwa mara kwa mara maji ya Msimbazi yanapopanda. Usiingie kwenye maji usiyoiona ardhi yake, hata kama wengine wanapita, kwa sababu mtaro usio na mfuniko na lami tambarare huonekana sawa chini ya maji ya rangi ya chai. Zunguka, au subiri.

Pancha na mnyororo uliochomoka

Fundi baiskeli yupo karibu kila mtaa, lakini hayupo saa 11 alfajiri wala pale ulipokwama kati ya vituo viwili. Beba tyubu moja ya akiba, viinua tairi viwili, pampu ndogo, spana inayoenea nati za magurudumu yako, kiraka, gundi na kipande cha msasa.

Sogea kwanza nje ya barabara. Geuza baiskeli juu chini, fungua gurudumu, toa upepo uliobaki, kisha anza kuinua tairi upande ulio mkabala na valvu. Toa tyubu, ijaze upepo kidogo na uisogeze karibu na shavu au mdomo ili uhisi tundu. Kukiwa na maji, izamishe na kutazama mapovu. Kabla ya kuziba, fanya jambo ambalo wengi huliruka: pitisha vidole polepole ndani ya tairi zima kutafuta kilichotoboa, iwe mbigili, kipande cha chupa au waya mwembamba unaotokana na matairi ya magari yaliyochakaa. Usipokiondoa, tyubu mpya itatoboka kabla hujafika mbali. Tazama pia kama utepe unaofunika vichwa vya njiti ndani ya rimu haujasogea.

Parua sehemu yenye tundu kwa msasa hadi ing'ae kidogo, paka gundi eneo pana kuliko kiraka, na uiache ikauke dakika chache hadi isinate kidoleni. Haraka ya hapa ndiyo sababu kuu ya viraka kubanduka. Bandika, gandamiza kwa nguvu, rudisha tyubu ikiwa na upepo kidogo ili isijikunje, na umalizie kurudisha tairi kwa mikono mitupu, kwa kuwa chuma hubana tyubu na kutoboa upya. Hakikisha valvu imesimama wima.

Mnyororo ukichomoka, uweke kwanza kwenye meno ya nyuma, kisha uupachike juu ya meno ya mbele na kuzungusha pedeli kwa mkono. Tumia kijiti au mfuko wa plastiki ili vidole visiingie kwenye meno. Ukichomoka tena, gurudumu la nyuma limesogea mbele: legeza nati, livute nyuma hadi ulegevu uwe sawa, likae katikati, kisha kaza pande zote mbili. Pedeli ikianza kulegea, jua kwamba ya kulia hukazwa kama nati za kawaida, ila ya kushoto hukazwa kinyume. Mwenye kusahau hilo huilazimisha na kuharibu nyuzi za mkono wa pedeli, na hapo hakuna tena cha kukaza.

Mkishagongana au ukishaanguka

Ondoka kwanza mahali yanapopita magari, kisha baiskeli ifuate. Muulize mwenzako kama ameumia kabla hujauliza nani ana makosa. Michubuko ioshwe kwa maji safi mengi hadi mchanga utoke wote. Jeraha linalotoka damu ligandamizwe kwa kitambaa safi bila kufunuliwa kila mara. Bega lisiloweza kuinuliwa baada ya kuangukia mkono huenda limevunjika mtulinga, hivyo mkono ufungwe kifuani na mtu apelekwe hospitali. Aliyegonga kichwa na kisha akatapika, akachanganyikiwa, akasinzia isivyo kawaida au akaumwa kichwa kwa maumivu yanayozidi kuongezeka, asiachwe alale peke yake nyumbani. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata kama anasema yuko sawa.

Palipo na gari au pikipiki iliyohusika, andika namba zake, piga picha ya mahali pale na uombe simu ya shahidi mmoja. Polisi hupatikana kwa namba 112, na kituo cha polisi ndicho kinachotoa fomu ya PF3 inayohitajika hospitalini kwa majeraha ya ajali. Lakini aliye katika hali mbaya awahishwe kwa daktari, fomu ifuatwe na mtu mwingine.

Usipande baiskeli mara tu unapoinuka. Zungusha kila gurudumu utazame kama linagusa raba za breki, simama mbele na ubane gurudumu kati ya magoti kuona kama usukani bado umelingana nalo, kisha bana breki zote mbili na kuisukuma mbele na nyuma. Uma, yaani chuma kinachoshika gurudumu la mbele, ukipinda usinyooshwe kwa nyundo, hata fundi akikuahidi kwamba utakuwa kama mpya, kwa sababu chuma kilichopinda na kurudishwa hudhoofika na huweza kukatika baadaye bila dalili, ununuliwe mwingine. Kofia ngumu iliyopigwa chini kichwa kikiwa ndani nayo ibadilishwe, ijapokuwa nje haina ufa, maana povu lake likishaminywa mara moja halirudii unene wake.